Mgongo wa Dundu

Weusi ulikuwa ukitoka vizuri. Bi Mwanapili alichovya mswaki kwenye majivu yaliyochekechwa, akakamulia ndimu, akarudi kusugua bawa la pili, akifuata mstari mmoja baada ya mwingine. Lilikuwa bizimu la fedha la kubania kanga kifuani, kongwe, lenye nakshi ya Misri ya kale: dundu, yule mdudu anayebiringisha mavi ya ng'ombe, amekunjua mabawa mawili yaliyojazwa vipande vya jiwe la feruzi, na kichwani amebeba duara la jua. Lilikuja limefungwa kwenye karatasi, jeusi kama sufuria ya kuni. Sasa lilimetameta.

Aliliinua kwenye mwanga wa dirisha, akatabasamu. Miaka sita sasa, tangu mwani aliokuwa akilima ulipoanza kuozea kambani kule Bwejuu naye akahamia Ng'ambo kwa dadaake, kazi yake ilikuwa hii: kusafisha vito katika duka la fundi Sabri, kichochoroni Mji Mkongwe. Mikono iliyozoea kufunga mwani haikuona tabu kuizoea fedha.

Sabri aliporudi kutoka kuswali adhuhuri alisimama pale pale mlangoni.

"Bi Mwanapili. Hilo si la Bi Ummkulthum?"

"Ndilo. Hebu tazama lilivyotakata."

"Lilikuwa na karatasi."

"Nshaitupa."

Sabri aliinama, akaiokota kwenye pipa la taka na kuikunjua mbele yake. Yalikuwa maandishi yake mwenyewe, ya siku lilipoletwa kutiwa pini mpya, ambayo alishaitia: *Pini tu. Lisisafishwe.* Siku hiyo Bi Mwanapili alikuwa ameiacha miwani nyumbani. Karatasi hata hakuitazama.

"Ni la marehemu mama yake," Sabri alisema, sauti imemshuka. "Mume wa huyo mama alimletea alipokwenda kusoma Misri. Bibi yule uzeeni alipofuka, alikuwa halitoi kifuani. Kutwa anampapasa huyu dundu mgongoni kwa gumba. Bizimu zima jeusi, hapo tu ndipo palipong'ara. Bi Ummkulthum kanionesha kwa mkono wake: hapa ni kidole cha mama, fundi, usipaguse."

Bi Mwanapili alilitazama. Dundu mzima aling'ara, kichwa, mabawa na miguu. Hapakuwa na hapo tena.

"Anakuja lini?"

"Baada ya alasiri." Sabri alijifuta uso. "Nenda Darajani, lete mayai manne. Upesi."

Alikwenda nusu akikimbia, akarudi kanga imemvuka kichwani. Waliyachemsha mayai, wakayaponda na maganda yake ndani ya kopo, wakalining'iniza bizimu kwa uzi juu yake na kufunga kifuniko. Harufu ya yai huila fedha mpaka ikawa nyeusi. Kila sonara anajua. Bi Mwanapili hakuweza kukaa. Alifagia duka, akalifagia tena. Alifungua kopo: fedha imekuwa njano. Akafunga. Akafungua: kahawia. Akatoka nje, akasimama, akaingia bila kujua alilotokea. Alipofungua mara ya nne dundu alikuwa mweusi, na duka zima linanuka.

"Sasa mgongo," alisema Sabri. "Pasugue pang'are."

"Palikuwa paking'ara kwa ukubwa gani?"

Sabri alifungua simu, akatafuta picha aliyoipiga siku lilipoletwa. Mwanga ulikuwa umempiga dundu katikati. Mgongoni paliwaka weupe mtupu.

"Palikuwa duara," alisema. "Au parefu kidogo. Wallahi sikumbuki."

Bi Mwanapili alitia chokaa kidogo kwenye gumba lake, akaanza kusugua. Mama yake alipokufa, kakaake aliichukua ile mbuzi ya kukunia nazi, akaipiga randa mahali pa kukalia, palipokuwa pamebonyea kwa miaka arubaini, akaipaka na vanishi. Alidhani anamfurahisha. Bi Mwanapili aliikalia mara moja, akainuka, na tangu siku ile hukuna nazi kwa mbuzi ya jirani. Naye hajamwambia kakaake sababu hata leo.

Gumba lilisita.

"Tumwambie, Sabri."

"Tumwambie nini? Atalipata kama alivyolileta."

"Sivyo alivyolileta."

"Bi Mwanapili, mie nakuheshimu kama mama yangu." Hakumtazama, alikuwa akizipanga koleo zake zilizokwisha pangwa. "Lakini ukifungua mdomo, kesho usije."

Bi Mwanapili akamalizia kusugua. Alasiri ilipopita, Bi Ummkulthum aliingia na bakora yake, akihema.

"Shikamoo, Bi Ummkulthum," Sabri alisema.

"Marahaba, mwanangu. Mbona mnanuka mayai?" Hakungoja jibu. Alishanyoosha mkono. Akalipokea bizimu, akaweka gumba mgongoni mwa dundu, akafumba macho. Midomo ilimcheza. Kisha akatabasamu, na kwa kitambo kidogo ule uso wa mwanamke wa miaka sabini ukawa wa msichana anayesukwa nywele.

"Pini imekaa khasa. Allah akulipe kheri, fundi."

Akatoka. Sabri alishusha pumzi. Bi Mwanapili alikunja kitambaa cha kufutia, akakikunjua, akakikunja. Halafu akainuka.

"Bi Mwanapili!" Sabri aliita. Hakugeuka.

Alimkuta kwenye kona ya pili, amepumzika barazani pa watu.

"Bi Ummkulthum!"

"Naam."

Akamweleza yote, amesimama, bila ya kujitetea: karatasi, majivu, mayai, gumba lake mwenyewe. Bi Ummkulthum alisikiliza, mkono umelifunika bizimu. Pikipiki ilipita ikawabana ukutani.

"Nlishatoka nalo," Bi Ummkulthum alisema hatimaye. "Nlishafurahi. Kwa nini umenambia?"

Bi Mwanapili alijifuta gumba kwenye kanga.

"Nakuuliza! Nani kakutuma?"

"Hakuna. Nimeona ulivyofumba macho."

Mwanamke yule alitazama pembeni. Machozi yalimtoka, akayaacha. Baadaye alinyoosha mkono, si kwa msamaha. Magoti yalikuwa hayamwinui. Bi Mwanapili akamshika. Waliondoka pamoja, bakora upande mmoja, yeye upande wa pili, mpaka Mkunazini, na njia nzima Bi Ummkulthum hakumwachia kifundo cha mkono. Alimbana mpaka pakauma.

Kwenye nyumba yake alitoa ufunguo, akafungua, akaingia. Hakusema karibu. Hakusema nenda. Ndani zilisikika hatua zake zikienda polepole, kisha maji yakimiminwa kwenye birika.

Mlango ulibaki wazi. Bi Mwanapili alisimama kwenye kizingiti, vidole vinanuka mayai, asijue kama umesahauliwa au umeachwa makusudi. Alivua kiatu kimoja.