Bi Povu Amwamkia Mkwe

Miaka ile kampuni za sabuni zilikuwa zinafukuzana mpaka Kilwa Kivinje. Mimi nilikuwa mwendesha jenereta wa mojawapo, maana kazi nimeshazifanya zote isipokuwa ualimu. Tulikuwa na kompyuta, pazia jeupe, na mwanamke wa kuchorwa aliyeonekana juu yake, Bi Povu. Haikuwa sinema iliyokwisha tengenezwa. Nyuma ya pazia aliketi Zuhura, ameshika kimpini kama cha gia. Akikilaza, Bi Povu anainama. Akibonyeza vitufe, mikono, shingo na macho vinakwenda. Hasemi neno, muziki tu.

Kule Kitomanga watu walimtazama, wakaondoka. "Amekauka kama mchi," alisema mama mmoja.

Kwa hiyo Kivinje, kabla hatujafunga madirisha ya ghala ili giza liingie, msimamizi wetu Romani alimwambia Zuhura, "Dada, leo asipochangamka, naleta mwingine kutoka Dar. Mtikise!"

Zuhura akamtikisa. Viuno vinakwenda, shingo imekakamaa. Watu wakapiga miayo. Zuhura akafuta kiganja kwenye kanga, akachungulia kwenye tundu la pazia. Akaduwaa. Mzee Tawakali, baba mkwe wake, alikuwa anajipenyeza mbele kabisa. Nyumbani Zuhura alikuwa amesema anauza sabuni, basi.

Mkono haukumngoja. Ulikilaza kimpini polepole. Bi Povu akageuka ubavu, akavuta kanga usoni, akakunja magoti, macho chini.

"Marahaba, mwanangu," akaitikia Mzee Tawakali.

Ghala zima likaangua kicheko. "Huyo mkwewe yumo humu!" akapaza sauti Mwanaasha, muuza vitumbua. "Mpeni mzee kiti, bibi wa watu asije akavunjika magoti!"

Romani akaja mbio nyuma. "Hivyo hivyo! Kwa kila anayeingia!"

"Siwezi," Zuhura akanong'ona. "Si wote wakwe zangu."

Upande wa pili mzee akakohoa. Hakuchungulia, mkaza mwana haviziwi.

"Zuhura."

"Abee, baba."

"Nimekujua alipoinama tu, ndivyo unavyoniamkia. Ndiyo kazi yenyewe hii?"

"Ndiyo, baba."

"Haya, fanya. Ila viuno, hapana."

Romani akataka kubisha, akaona wanawake wamesongamana kwenye meza ya sabuni, akaenda kuwauzia.

Zuhura akakishika tena kimpini. Bi Povu akamtazama Mwanaasha, akamcheka kwa mabega tu, akambetulia midomo.

"Mwone kwanza! Hana hata haya!" Mwanaasha akamjibu.

Kesho yake tulikwenda Kinjumbi, walewale watatu, bila mtu wa kutoka Dar.