Walioitikia Jina la Mume Wangu

Msumari wa sebuleni kwa mwanangu niliupigilia mimi mwenyewe, kwa kisigino cha kiatu, kwa sababu nyundo haikuonekana. Ulikuwa wa kutundikia picha ya marehemu baba yake. Kwa hiyo Jumapili ile ya kumpa mjukuu wangu jina, nilipotoka kwenye ibada na kukuta msumari umebeba mfalme mwenye ndevu za kusokotwa, nilijua kabla sijavua mtandio kwamba jambo halijakaa sawa.

"Baba yako yuko wapi?" nilimuuliza mwanangu.

"Yupo, mama. Nimemhifadhi chumbani, wageni wasije wakamwangusha."

Wamwangushe! Picha iliyokaa miaka yote juu ya vichwa vya watu, leo ndiyo iangushwe na wageni. Nilikuwa na neno mdomoni, nikalimeza. Watu walishaanza kuingia, na mimi si mama wa kumvunjia mtoto heshima nyumbani kwake.

Ukuta ulikuwa umejaa. Mwanangu anafanya kazi ofisi ya bima, na huko wana mashine ya kuchapa picha kubwa kubwa. Alikuwa amewakusanya watu mashuhuri wa tangu enzi na enzi waliokuwa na jina moja na marehemu mume wangu. Palikuwa na huyo mfalme, aliyeuzungushia mji wake ukuta. Tabibu aliyetibu tauni mpaka ikamchukua yeye mwenyewe. Hakimu, nahodha, mtunzi wa nyimbo za kumsifu Mungu, mkimbiaji mwenye nishani shingoni, na mmoja aliyepima nyota, sijui alizipima kwa futi gani.

Nilielewa kwa nini amejichosha. Mama wa mkwe wangu ni mjane kama mimi, ila mumewe alikuwa mkuu wa shule, na alitamani jina la mumewe ndilo liende kwa mtoto. Wiki moja kabla alikuja, akakoroga chai muda mrefu, halafu akasema, "Mimi sikatai, mzazi mwenzangu. Mtoto wa kwanza wa kiume ni wa upande wenu. Lakini akikua akauliza babu aliyemrithi jina alikuwa nani, tutamwambia nini?"

Mwanangu alitazama kikombe chake kana kwamba ameona nzi.

Mume wangu alikuwa mzibuaji. Alishuka kwenye chemba za maji taka za manispaa akiwa na buti, koleo na kamba kiunoni, akatoa yale ambayo mji mzima umeyatoa. Kwa kazi hiyo alitulisha na akamsomesha mwanangu. Tangu mkwe wangu aliponiambia ana mimba, sala yangu ya alfajiri ilikuwa moja tu: kabla sijafa, jina la yule mtu lisikike tena ndani ya nyumba. Jina la mtu likikosa wa kuitwa nalo, hubaki kwenye jiwe la kaburi tu, na jiwe haliitiki.

Mgeni mmoja nilimwalika mwenyewe. Watu wanamwita Mfuniko. Alifanya kazi na mume wangu tangu wote wakiwa vijana, yeye juu, mume wangu chini. Kazi ya wa juu ni kushika kamba na kuita. Kila baada ya pumzi chache anaita jina la aliyeshuka, na aliyeshuka lazima aitikie, hata kama ana hasira, hata kama ana matope mdomoni. Hewa ya mle ndani haimwangushi mtu kwa kishindo, inamsinzisha tu. Asipoitikia, unavuta. Ndiyo maana huwa nasema, mimi nilikuwa mkewe, lakini aliyemwita jina mara nyingi zaidi duniani ni Mfuniko.

Alikuja amevaa shati lililopigwa pasi mpaka mikunjo ikawa kama kisu, ananukia sabuni kuliko mtoto mwenyewe. Akachagua kistuli karibu na mlango.

"Sogea ndani, shemeji," nilimwambia.

"Hapa panatosha, mama. Mfuniko mahali pake mlangoni," akacheka.

Mwanangu akasimama mbele ya ukuta na fimbo ya kuonyeshea, kama mwalimu. Akaanza na mfalme. Alieleza vizuri, siwezi kumwonea, ana ulimi. Kila alipomaliza mmoja alisema, "Na huyu naye aliitwa jina hilohilo!" na watu wakasema "Ahaa!" Kaka yangu, ambaye hawezi kukaa kimya hata kwenye msiba, akauliza, "Huyo nahodha mbona anafanana na fundi cherehani wangu? Mwambieni arudishe kitambaa changu!" Nyumba nzima ikacheka.

Alipofika kwa mpima nyota, mama wa mkwe wangu alishakubali yaishe. Akatikisa kichwa taratibu, akasema kwa sauti ya kila mtu kusikia, "Kumbe ni jina la wakubwa. Jina jema hung'aa gizani. Mpeni mtoto."

Watu wakapiga makofi. Na mimi nikapiga. Nilipiga mpaka viganja vikawasha, kwa sababu nilikuwa nimeshinda.

Makofi hayajaisha, shangazi mmoja wa upande wa mkwe wangu akauliza, bila ubaya wowote, "Na marehemu mwenyewe, yeye alikuwa na kazi gani?"

Mwanangu akazungusha fimbo. "Alikuwa manispaa. Upande wa... miundombinu."

"Aa, injinia!"

Hakusema ndiyo, hakusema hapana. Shangazi akageuka mlangoni. "Na yule mzee nadhifu pale ni ndugu yenu?"

Nilimwona mwanangu akimtazama Mfuniko. Nilimwona akiwatazama wenzake wa ofisini, mashati na suti, waliojipanga mstari kwenye makochi. Mimi huwa natazama sana, ndilo pato langu la ujane. Nikaiona ile kauli ikipanda kooni kwake kabla haijatoka.

"Huyo ni jirani wa mama."

Mfuniko akatabasamu. "Jirani, ndiyo. Jirani kabisa," akasema. Akainuka, akainama kutafuta viatu vyake kwenye rundo la viatu vya wageni, akavipata, akatoka navyo mkononi.

Mikono yangu ilikuwa bado imeshikana palepale makofi yalipoishia. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Siku moja mume wangu hakuitikia na Mfuniko akavuta peke yake, mpaka nyama ya viganja ikabaki kwenye kamba, na mume wangu akatoka akiwa hai. Mwanangu alizaliwa mwaka uliofuata. Hadithi hiyo anaijua, ameisikia kwenye mapaja yangu. Na mimi niliyekuwa naijua zaidi nilikuwa nimekaa pale, napiga makofi chini ya mfalme.

Nikasimama. "Mtoto hapewi jina leo," nikasema.

Mkwe wangu akamkumbatia mtoto kifuani.

"Mama," mwanangu akasema kwa sauti ya chini, meno yamefungwa, "unaniaibisha mbele za watu."

"Aibu imeshaingia, mwanangu. Mimi nafunga mlango tu isije ikamfikia mtoto. Wageni, chakula kipo, kuleni. Huyu kwa leo anaitwa Mtoto."

Nikaenda chumbani. Picha ya mume wangu niliikuta nyuma ya kabati, uso umegeukia ukutani. Nikakaa nayo mapajani, nikajaribu kusali, maneno hayakuja. Mungu hahitaji kuambiwa alichokiona.

Asubuhi nilimwambia mwanangu aarifu ofisini kwamba atachelewa. Hakubisha. Sidhani kama alikuwa amelala. Tukamfuata Mfuniko kazini. Siku hiyo walikuwa nyuma ya maduka, kwenye uchochoro ambao chemba yake hufurika kila mara. Tulijua tumekaribia kabla hatujafika. Mwanangu akatoa leso, akaitazama, akairudisha mfukoni.

Mfuniko alikuwa amekaa ukingoni, miguu imetanuliwa, kamba imezungushwa kiunoni na kuingia shimoni. Kofia yake ilikuwa imepinda upande. Hakutuona. Aliinama, akaweka kiganja kando ya mdomo, akaita kwa sauti kubwa.

Akaita jina la mume wangu.

Na kutoka chini, sauti ya mwanaume ikaitikia, "Nipo!"

Mwanangu akanishika mkono, kama alivyokuwa akinishika akiwa mdogo tukipita penye mbwa. Mfuniko akageuka, akatuona, akataka kusimama, kamba ikamrudisha.

"Mama! Samahani, siwezi kuinuka. Kuna mtu chini."

"Kaa, shemeji. Ni sisi tumekuja vibaya." Nikaonyesha shimo. "Huyo aliye chini... ndivyo anavyoitwa?"

Mfuniko akashusha macho. Akavua kofia, akaivaa, akaivua tena.

"Ana jina lake," akasema. "Akiwa juu ana jina lake. Akishuka, tunamwita hilo. Ni hivi, mama. Marehemu alipoacha kazi, kijana aliyechukua nafasi yake alikuwa mwoga, haitikii vizuri. Nikamwambia, ukiwa mle jifanye ndiye yule mzee, yeye hakuwahi kuninyamazia ila siku moja tu. Akaanza kuitikia. Basi ikawa mazoea. Vikosi vingine vikatuiga. Sasa mji mzima, yeyote anayeshuka, ndilo jina lake mpaka atoke." Akainama, akaita tena, akaitikiwa, akatugeukia. "Najua mmekuja kwa ajili hiyo. Mnisamehe. Jana nilipoona zile picha, nikajiambia, kumbe jina ni la wafalme, na sisi tunalipigia kelele kwenye kinyesi. Nikashindwa hata kukaa. Nimeshawaambia wenzangu, mkisema tuache, leo leo tunaacha."

Sijui kama mmewahi kuombwa msamaha na mtu mliyemkosea. Ni afadhali mara mia akutukane. Nilitazama chini, nikaona viganja vyake juu ya kamba, lile kovu limepita kutoka kidole cha shahada mpaka kifundo cha mkono, jeupe, linang'aa kama ngozi ya samaki. Sikuwa na pa kuuweka uso.

Mwanangu akapiga magoti na suruali yake ya ofisini kwenye maji yaliyofurika.

"Baba mdogo," akasema. Hakuwa amemwita hivyo tangu aanze kazi. "Msiache. Nakuomba msiache. Mimi ndiye..."

"Inuka, utachafuka."

"Mimi ndiye niliyesema jirani."

"Si ni kweli? Nyumba ya tatu kutoka kwa mama yako." Mfuniko alisema hivyo kwa upole, lakini midomo yake ilitetemeka, ndipo nikajua kwamba neno lile lilimwingia, tena lilimwingia ndani sana. Akakohoa, akapapasa chupa ya maji, ilikuwa mbali. "Hebu shika hapa, baba. Koo limenikauka. Mwite yule, nimechelewa."

Akamwekea kamba mkononi.

Mwanangu akainama juu ya shimo. Nilimwona akivuta hewa ile na kukunja uso. Akaita jina la baba yake. Sauti ilitoka nyembamba, kama ya mtu anayebisha hodi na kuomba asifunguliwe.

Kimya.

"Paza!" Mfuniko akafoka, chupa mdomoni. "Huko chini hawasikii minong'ono!"

Akaita tena, kwa kifua chote. Watu wawili kwenye mlango wa nyuma wa duka wakageuka kutazama. Mmoja alikuwa na shati lenye nembo ya ile ofisi ya bima. Mwanangu alimwona. Hakunyamaza, akaita mara ya tatu.

"Nipo!" ikajibu sauti ya chini. "Nani huyo wa juu mwenye sauti ya kuku?"

Mfuniko akacheka, akapaliwa na maji. Mwanangu hakucheka.

"Ni mtoto wake," akasema.

"Mtoto wa nani?"

"Wa mwenye jina."

Tulisikia koleo likiwekwa kando.

"Basi ita vizuri, mtoto wa mwenye jina," sauti ikasema, bila mzaha sasa. "Huku ni giza."

Akaita. Akaendelea kuita mpaka yule mtu alipotoka, baba wa watoto watatu, mweusi kwa matope mpaka kope, akampa mkono mwanangu bila kuufuta kwanza, na mwanangu akaupokea.

Jioni ya siku hiyo Mfuniko alimpakata mjukuu wangu na kumwita jina kwa mara ya kwanza. Picha ilikuwa imerudi msumarini. Mfalme na wenzake wamekunjwa, wako juu ya kabati. Mama wa mkwe wangu alikuwapo. Mwanangu alimwambia waziwazi kazi ya babu wa mtoto, akaulizwa maswali, akayajibu. Watu wananisifu kwamba nilisimama siku ile mbele za wageni. Nawaacha waseme.

Ila pale uchochoroni, wakati mwanangu anaita na mimi nimesimama nyuma yake, kila jina la mume wangu lilipoitikiwa nilisikia viganja vyangu vikiwasha kama vile nimetoka kupiga makofi sasa hivi. Nikaviingiza chini ya mtandio, nikavificha.