Nipe Mji

Sikudhani anajilaza kochini baada ya chakula cha mchana, simu kifuani, akijiambia jioni atampigia mama yake kule Mbweleni, ahadi anayojipa kila Jumapili na kila Jumapili inaota mbawa, na kabla hajamaliza kujidanganya kochi linalainika, sakafu ya ghorofa inafunguka taratibu, na yeye yumo barabarani, viatu hana. Barabara ni pana, nyeusi, haina kona, ndiyo ile mpya aliyoishangilia mwenyewe ilipopimwa kupita kwao. Kila anapopiga hatua inajirefusha, na kila kitambo anapita mji, na kila mji ni uleule, maduka ya vioo kulia na kushoto, na ndani ya vioo hamna mtu ila yeye, anatembea. Anaogopa. Anataka kufika kwa mama yake, basi, hana lingine analolitaka.

Anatokea mtu kavaa reflekta kama wapima barabara, na mahali pa uso pana ngozi tupu. Samahani kaka, anasema Sikudhani, Mbweleni ni njia ipi? Kitendawili, anajibu mtu yule. Na Sikudhani, mtoto wa Mbweleni, ulimi unamponyoka: Tega! Nyumba yangu haina mlango, anatega mtu yule. Sikudhani anacheka, hilo hata mtoto anayenyonya analijua, bibi yake aliwategea uani miaka nenda miaka rudi, wamekaa mkekani, jirani anachoma vitumbua, redio ya kinyozi inausomea mtaa mzima matangazo ya vifo, maana siku zile msiba wa mmoja ulikuwa wa wote na hakuna aliyeusoma peke yake. Yai, anasema. Hilo lilikuwa jibu la zamani, anasema mtu yule, nipe mji. Haya, chukua Mombasa. Ninao. Dodoma. Ninao. Nairobi, Tanga, Mwanza! Yote ninayo, dada, nipe ambao sina. Sauti yake ni ya upole, na upole huo ndio unaotisha. Nyuma yao barabara imeanza kujikunja kama mkeka, inawajia. Mazoea yana taabu. Utotoni waligawa mji wao kila jioni na asubuhi waliukuta palepale, nani alipata hasara? Chukua Mbweleni, anasema Sikudhani.

Mtu yule anashusha pumzi kama aliyeshiba. Nilikwenda Mbweleni, anaanza, kama desturi inavyotaka, nikawakuta wamekaa barazani, wanaamkiana, wanaazimana chumvi. Nikawapa nyumba isiyo na mlango, wakaingia wote, na wamo humo mpaka sasa. Jibu ni simu. Na Sikudhani anaona kwa macho yake, kinyozi, muuza vitumbua, bomba na foleni yake ya ndoo, kimoja kimoja vinaingia kiooni, vinakuwa vidogo, vinang'aa, vinazimika. Wa mwisho ni mama yake, khanga begani, anagonga kioo kutoka ndani, anaita, na sauti haitoki. Nirudishie! analia Sikudhani, nilikuwa nacheza! Mji ukishatolewa haurudi, dada, ulifundishwa na bibi yako.

Anaamka. Jasho, kochi, feni, mchana uleule, au pengine ni mji mwingine tu wa barabara ile, maana dirishani majengo yote ni ya vioo na kila kioo anajiona. Anapiga simu. Inaita, inaita, inapokelewa. Shikamoo mama! Marahaba mwanangu, anaitikia mama, na sauti ni yake kabisa, na Sikudhani anabubujikwa na machozi ya furaha. Hujambo mama? Sijambo, ila afadhali umepiga, nimetoka nje, nimesimama tu hapa kama mgeni. Hebu niambie mwanangu, hapa nilipo panaitwaje?

Sikudhani anafungua mdomo amjibu, na jina la mji wao halimo tena. Anaufunga. Anaufungua tena.