Jina la Florence

Mvua za mwisho wa mwaka 1997 zilipoifanya Garsen kisiwa, Nasteha, mtunza orodha ya uokoaji, alikuwa na kompyuta moja, jenereta moja, na programu aliyoiandika mwenyewe kwa lugha ya kompyuta iitwayo Perl. Ndani yake mlikuwa na vijiji; ndani ya kila kijiji, majina ya waliokwisha kuokolewa; ndani ya kila jina, kambi aliyopelekwa mtu huyo. Kila asubuhi programu ilipitia orodha ya chifu ya wakazi wote, na jina ambalo haikulikuta kati ya waliookolewa ililichapa kwenye karatasi ya nahodha wa boti, akamchukue.

Jumatatu aliingia Mzee Ngala, mkulima, matope hadi magotini.

"Mwanangu, nitazamie dada yangu, Florence wa Kilelengwani. Yuko kambi gani?"

Nasteha akaandika: Kilelengwani, Florence, kambi. Jibu halikuja.

"Bado hajaletwa, mzee. Kesho boti inakwenda huko huko."

Jumanne boti ikarudi na watu kumi na wanane. Florence hakuwamo. Jumatano asubuhi Ngala akaja tena, na safari hii hakuketi.

"Nahodha anasema jina lake halimo kwenye karatasi. Jana halikuwamo, na leo halimo."

"Haiwezekani," Nasteha akasema, akaifungua programu. Chini ya Kilelengwani alimkuta Florence, na ndani ya Florence hamna kitu.

Aliyemwingiza humo ni yeye. Alipouliza kambi moja kwa moja, Perl ilimfungulia Florence nafasi tupu ili ipate pa kuitafuta kambi hiyo, ikaiacha hapo. Kwa kuwa jina sasa limo, tangu Jumatatu programu ilimhesabu kuwa ameokolewa. Angeuliza kwanza kama Florence yumo, isingetokea.

Boti ikatoka papo hapo. Walimkuta juu ya uchaga wa mahindi, amekufa. Nahodha alisema hata siku haikuwa imepita tangu afariki.

Nasteha angeweza kunyamaza. Garsen nzima hapakuwa na mwingine wa kuisoma programu ile. Alimfuata Ngala kaburini, akamweleza yote.

Ngala alisikiliza, jembe mkononi. "Kwa hiyo nisingekuja kuuliza, Jumanne wangemchukua."

"Kosa ni langu, mzee, si lako."

"Nimekuuliza, wangemchukua?"

"Ndiyo."

Ngala akarudi shimoni. Maji yalikuwa yakiingia kila alipochimba, naye akaendelea kuchimba.