Saa Sitini za Kogo

Nakuru siku hizi kila mtu anaondoka. Ukikutana na mtu sokoni hakuulizi habari za nyumbani, anakuuliza umefika wapi na paspoti. Kanisani kwetu tunaombea viza kwanza, wagonjwa baadaye, maana viza zina tarehe. Anko Micah, kaka wa marehemu baba yangu, anaishi Milimani katika barabara ambayo kila nyumba ina mtoto Kanada au Australia, isipokuwa nyumba yake. Watoto wake wawili wamekataa kwenda. Mmoja ni daktari wa mifugo na anawapenda ng'ombe wa hapa, mwingine anapenda kulala. Aibu hiyo ilimkondesha Anko mpaka akanikumbuka mimi.

"Jepkemei, wewe uko tu," aliniambia. "Unauzia watu rangi. Hata ukiuza miaka kumi, ukuta ni ya wenyewe."

Nilikuwa na diploma ya utalii, na utalii wenyewe niliufanyia nyuma ya kaunta ya duka la rangi. Sikuwa nimeamua kitu. Asubuhi nikinyeshewa njiani kwenda kazini nilitaka kwenda Kanada hata kwa miguu. Jioni nikila mahindi ya kuchoma na marafiki nilijiuliza huko nitacheka na nani. Ningependa kusema nilipima jambo hili kwa utulivu, lakini ukweli ni kwamba nilingoja mtu mwingine aniamulie, na Anko akaniandikisha chuoni nisomee kutunza wazee.

Chuo kilikuwa juu ya duka la chakula cha mifugo. Mlangoni walikuwa wamechora jani jekundu la Kanada, likatoka kama mguu wa bata. Madam Mercyline, mwenye chuo, hakuwahi kufika huko, lakini alivaa koti zito darasani hata jua la Februari likiwaka, ili tuanze kuzoea baridi kwa macho. Tulikuwa wanafunzi arobaini na mdoli mmoja wa plastiki, aliyeitwa Margaret, mwenye mguu mmoja. Tulimwogesha kwa zamu. Mtaani kwangu maji yalikuja Jumanne na Ijumaa tu, na Margaret alikuwa akioga mara nane kwa siku.

"Kule haugusi mtu hivi hivi," Madam alitufundisha. "Unabisha mlango. Unajitambulisha. Unauliza, may I? Hata kama ni soksi."

Baada ya Margaret, kila mwanafunzi alitakiwa amhudumie mzee halisi kwa saa sitini, arekodi video, na mwisho mwajiri wa Kanada aongee na mzee huyo mwenyewe kwa simu. Darasa zima lilianza kutafuta wazee. Mwenzangu mmoja alipiga simu nyumbani kuuliza kama nyanya yake bado yuko hai. Nilicheka sana, halafu nikaacha kucheka, kwa sababu nilimkumbuka kogo.

Kogo ni nyanya yangu, mama yao baba na Anko Micah. Baba alipofariki, mama aliolewa kwingine, na kogo akanilea kule Rongai mpaka nikamaliza shule. Kutoka chumba changu cha Nakuru hadi kwake si mwendo wa hata saa moja. Katika Krismasi tatu nilikuwa nimeenda moja. Nasema hivyo bila kujitetea, maana nimeshajaribu kujitetea na nimeshindwa.

Jumamosi ya kwanza nilifika na glavu mkononi na kitambulisho shingoni, nikabisha mlango uliokuwa wazi.

"Good morning, Margaret. My name is Jepkemei. I am your carer today. May I come in?"

Kogo alikuwa anachambua maharagwe. Alinitazama, kisha akatazama nyuma yangu kuona kama nimekuja na mtu wa kunishika.

"Wewe uko mgonjwa?" aliuliza. "Hiyo jina nilikupa mimi. Ulizaliwa wakati wa kiangazi, ng'ombe zinaisha, nikakuita Jepkemei. Leo unakuja kunijulisha?"

"Ni kozi, kogo. Lazima nijitambulishe."

"Na Margaret ni nani?"

"Ni wewe. Ni ya video tu."

Alifikiri kidogo. "Huyo Margaret amekunywa chai?"

"Mteja ndiye anaamua kama anataka chai."

"Basi anataka. Na majani iwe mingi."

Siku hiyo nilimwosha miguu. Kucha zilikuwa ndefu, zimepinda hadi zinaingia nyamani, kwa sababu kuinama hawezi tena na hakuwa na wa kumwambia. Nilizikata moja moja, simu ikirekodi, nikiuliza "May I?" kwa kila kidole. Katikati nililia, ikabidi nirudie video.

Kufikia saa ya ishirini, kogo alikuwa ameuelewa mpango huu kuliko Madam Mercyline. Nilikuwa nimempelekea karatasi ya haki za mteja, akaisoma kwa miwani ya Biblia na kuibandika ukutani. Kwa haki ya kuchagua nguo, alichagua gauni alilovaa kwenye harusi ya Anko, akaenda nalo kulisha kuku. Kwa haki ya faragha, Anko alipopiga simu kuulizia maendeleo yangu, alimwambia mteja ako busy, akakata. Haki ya kulalamika aliitumia kila nilipokuja, hasa juu ya mursik, maziwa yake ya kibuyu, ambayo alidai nayatikisa kama mtu anayetikisa rangi.

Majirani walianza kuja kutazama. Mama Chepchumba, wa boma la pili, alisimama mlangoni Jumapili moja mpaka nikamaliza kumvisha kogo, akanifuata nje.

"Na mimi unaweza nikujia?" aliuliza. "Hata usinioshe. Bisha tu."

Nilimwambia kozi inaruhusu mzee mmoja. Nilimjibu vibaya, na mpaka leo najuta.

Mimi mwenyewe nilianza kuchelewa kuondoka. Kazi iliyoandikwa ikiisha, nilivua glavu tukakaa nje, naye akanisimulia vituko vya baba utotoni, mambo ambayo sikuwahi kuyasikia kwa sababu sikuwahi kuuliza. Nikiwa njiani kurudi Nakuru nilijiambia kwamba Kanada haiwezi kuwa na kitu kama hiki. Kesho yake dukani, mteja wa rangi akinifokea, Kanada ilirudi kuwa nzuri.

Saa sitini ziliisha, na siku ya mwajiri ikafika. Mtandao pale nyumbani unashika mahali pamoja tu, kando ya choo, kwa hiyo viti vilipelekwa huko, na Anko Micah akatundika kitambaa cha meza nyuma yetu. Alikuwa amekuja na suti. Hakuna aliyemwita, lakini alijiweka mahali ambapo nusu yake ingeonekana kwenye picha. Mwajiri alikuwa mama wa makamo aliyeitwa Denise, mpole, mwenye macho yaliyochoka. Yeye aliongea Kiingereza, kogo akajibu kwa lugha yetu, mimi nikatafsiri.

Denise aliuliza ni kitu gani ninachofanya vizuri kuliko vyote.

"Anakaa," kogo alisema. "Akimaliza kunifunga vifungo haendi. Anakaa, tunaongea."

Nilitafsiri. Denise alitabasamu, akasema hilo ni jambo zuri sana, ila kwao asubuhi kila mzee ana dakika kumi na moja za kuoga na kuvaa, kwa hiyo tabia hiyo nitasaidiwa kuiacha.

"Amesema dakika ngapi?"

"Kumi na moja, kogo."

"Na chai?"

Niliuliza. Denise alisema chai imo ndani ya hizo hizo.

Kogo alisogeza uso karibu na simu mpaka Denise akabaki anatazama paji la uso tu. "Pole, mama," alimwambia. "Nyinyi muko na shida kubwa. Mchukue huyu mtoto awasaidie."

Nilitafsiri kwamba amenipendekeza. Anko Micah alipiga makofi, kitambaa cha meza kikaanguka.

Mkataba ulifika kwenye simu yangu Alhamisi, nijibu kabla ya Jumatatu. Anko alishaanza kuwaalika majirani zake chai. Jumamosi nilikwenda Rongai mapema, bila glavu wala kitambulisho, na nitasema wazi nilichokuwa nacho moyoni: nilitaka kogo aniambie nisiende. Nilikuwa nimepanga yote. Angeniomba, ningelia, ningebaki, na Anko angemlaumu yeye.

Nilimkuta amevaa lile gauni la harusi ya Anko, nywele zimechanwa.

"Kogo," nikasema, "nikibaki itakuwaje?"

"Utabaki wapi?"

"Hapa."

"Hapa Rongai ama hapo Nakuru?"

Nilichukua kibuyu, nikaanza kukitikisa.

"Ukibaki, unabaki Nakuru kuuza rangi. Ukienda, uko Kanada. Mimi nikiangalia kutoka hii kiti, ni mbali sawa sawa."

Hakusema kwa uchungu. Aliongea kama mtu anayekuambia leo ng'ombe ametoa maziwa kiasi gani, na afadhali angenigombeza. Nilimwambia nitakuja kila wikendi, nikaapa.

"Kozi ikiisha?" aliuliza. "Miaka yote hiyo, hii miguu ilikuwa hapa. Usinidanganye, mtoto wangu. Na usilie, sijakukasirikia. Nilipigia Mercyline simu juzi. Ako na watu arobaini na wazee hawatoshi, wengine wanaosha huyo mdoli mpaka sasa. Nimemwambia alete kwangu. Na kwa Mama Chepchumba pia."

"Hao si watu wetu, kogo."

"Kila mmoja masaa sitini," alisema, akihesabu kwa vidole na kuridhika. "Wakiisha, anaandikisha wengine. Nakuru yote inataka kwenda. Mimi nitakufa kabla waishe."

Mlango ulibishwa. Ulikuwa wazi, kama kawaida. Alisimama pale msichana wa darasa letu, Wangui, ana glavu, kitambulisho kimeninginia, na simu ameishika mbele.

"Good morning, Margaret. My name is Wangui. I am your carer today. May I come in?"

"Karibu," kogo alisema, akakaa wima. "Margaret hajakunywa chai."

Wangui alitega simu juu ya kabati, akapiga magoti, akaanza kumvua viatu. Alianza na cha kushoto, akakivuta kutoka kisiginoni, na mguu huo una kidole kinachouma. Lazima ulegeze kamba yote kwanza na kuushika kwa chini. Nilimwona kogo akikunja uso. Nilipiga magoti pale pale, nikaushika mguu.

"Wacha nikuonyeshe," nilimwambia Wangui. "Huu si hivyo."

Kogo aliniwekea mkono begani, mkono mwepesi.

"Wachia yeye," alisema. "Wewe masaa yako iliisha."

Wangui aliniomba kwa upole nisogee, maana nilikuwa nimeziba kamera. Nilisogea. Nilitoka nje hadi penye mtandao, nikausaini mkataba nikilia mpaka sioni ninapoweka kidole. Nilikuwa nimekuja kuombwa nisimwache mtu niliyemwacha zamani. Ndani nilimsikia Wangui akiuliza, "May I?" na kogo akimwambia ndiyo, ila pole pole.