Martini ya Pasheni ya Mwalimu wa Udereva

Siku muuguzi alipopandishwa cheo kuwa msimamizi wa wodi ya watoto, mumewe alitangaza kwamba hawaendi popote kusherehekea. "Nitakutengenezea martini ya pasheni hapa hapa," alisema, kifua mbele. Mume huyo alikuwa mwalimu wa udereva, na mambo ya kokteli alikuwa ameyasomea kwa kina: video moja ya dakika tatu, tena mwanzo aliuruka.

Muuguzi alikuwa amesimama tangu alfajiri, nyayo zinamwaka moto. Alichotaka ni kukaa tu. Lakini mumewe alikuwa ameamua kumfurahisha, kwa hiyo ilibidi asimame jikoni afurahishwe.

"Chujio liko wapi?"

"Droo ya pili."

"Limau je?"

"Mbele ya pua yako."

"Na zile glasi za mguu mrefu?"

"Tulipewa sita siku ya harusi. Iulize mikono yako zilikoenda."

Mezani alikaa wifi yake, dada wa mume, ambaye hakualikwa ila alisikia. Alikuwa karani wa mapokezi hotelini, hivyo vinywaji vyote alivijua kwa kuviona vikipita.

"Hotelini kwetu hawakamui limau hivyo," alisema. Baadaye kidogo: "Hotelini kwetu pasheni huchujwa kwanza."

Chombo cha kutikisia hakikuwepo. Mwalimu akachukua chupa ya chai, ile iliyotunza chai ya tangawizi miaka tisa bila likizo.

"Hiyo inanuka tangawizi," muuguzi alisema.

"Itaongeza ladha."

Akatia vodka bila kupima, pasheni na mbegu zake, limau, barafu, kisha akainua sufuria ya shira iliyokuwa bado inatoa mvuke.

"Si ungeiacha ipoe kwanza?"

"Mke wangu," alisema kwa upole wa kuudhi, "kwenye gari dereva ni mmoja tu."

Alimimina nusu yake, akafunga kifuniko kwa haraka, akatikisa kama mtu anayefukuza nyuki. Ule mvuke ndani ulitafuta njia ya kutokea, ukaipata. Kifuniko kiliruka mpaka kwenye pazia, na kokteli yote ikafuata: nusu ukutani, robo kwenye dari, iliyobaki kwenye wigi jipya la wifi, mbegu zikiwa zimepangika juu yake kama shanga.

"Hotelini kwetu..." wifi alianza, kisha akalivua wigi akalikung'uta juu ya sinki.

Muuguzi alicheka mpaka akashika meza. Kisha akamwona mumewe amesimama na chupa tupu, shati limelowa, uso umemshuka, na huruma ikamwingia. Si nyingi. Alimkabidhi kitambaa na ndoo.

Pasheni zilibaki tatu. Alizikamua, akazichuja, akasubiri shira ipoe, akapima vodka kwa kikombe kidogo cha kupimia dawa. Vyote alivitia na barafu kwenye chupa tupu ya jamu, akakaza kifuniko, akatikisa huku ameegemea friji mpaka chupa ikatoa jasho. Akamimina kwenye bilauri ya maji. Juu pakatanda povu la rangi ya dhahabu. Alipoonja, uchachu ulimkamata mashavu, utamu ukafuata, na baridi ikamshuka taratibu.

Wifi alionja pia, kitambaa kichwani. "Enhe," alisema. "Hivi ndivyo tunavyofanya."

"Si nilisema itatoka vizuri?" mwalimu alisema kutoka sakafuni. Akafuta mkono, akaipiga picha ile bilauri, akaituma kwenye kundi la familia: Nimemtengenezea mke wangu.

Pongezi zikamiminika. Mama mkwe aliandika, "Mwanangu nilimlea vizuri."

Muuguzi hatimaye alikaa, akapandisha miguu kwenye kiti, akajibu kwa kidole kimoja huku mkono mwingine umeshika kinywaji: "Asante sana, mama. Ukuta kaumaliza. Sasa anapanda kwenye dari."