Ziara Waliyompangia Mapafu

Safari ilipangwa na watu watatu, na wote watatu walikuwa waongo. Mmoja alikuwa mdogo wake Mapafu, aliyepuliza tarumbeta ya pili katika bendi yao ya harusini, na kwa sababu hiyo akaitwa Wa Pili mpaka mama yake mzazi akalizoea jina hilo. Mwingine alikuwa Bonge, rafiki wa miaka thelathini, mpiga ngoma kubwa. Jina alipewa kwa mzaha, maana ni mwembamba kiasi kwamba akiivaa ngoma yake unaona miguu miwili na kofia tu. Wa mwisho alikuwa shemeji, mkewe Mapafu, ambaye uongo haukumkaa vizuri hata kidogo. Tangu basi lilipoondoka hakuachia mkoba wake, wala hakumtazama mumewe usoni.

Mapafu mwenyewe alijua anapelekwa jiji kubwa kutembea, basi. Maisha yake yote alipuliza kwenye harusi na mahafali ya watu, na jiji hilo hakuwahi kuliona ila kwenye runinga. Alijua pia kwamba ana kidonda chini ya ulimi kisichotaka kupona. Alipimwa, akaambiwa kimetokana na mdomo wa tarumbeta kumsugua, akapewa dawa ya kusukutua, akasukutua asubuhi na jioni bila kukosa.

Hao watatu walijua zaidi. Majibu ya kipimo yalipotoka, mdogo mtu ndiye aliyekwenda kuyachukua, na daktari wa mji wao, mtu wa haraka haraka, akammwagia yote pale pale mezani. Ni saratani. Bado haijasambaa. Hospitali kuu ya jiji imekubali kumpa kitanda, tarehe hii hapa, na isipite. Watakata ulimi karibu wote na kipande cha taya. Ataishi, Mungu akijalia, lakini kusema itakuwa kwa taabu, na tarumbeta asahau.

Wa Pili hakusikia kuishi. Alisikia tarumbeta asahau.

Hapa inabidi mtu aelewe kazi yao. Ndugu hawa walipuliza kwa kupeana pumzi. Wimbo wa kumwingiza bibi harusi ukumbini ni mrefu na haupaswi kukatika hata kidogo. Mkubwa akikaribia kuishiwa, humkanyaga mdogo kwa ncha ya kiatu, na mdogo huidaka sauti ile ile papo hapo ili mkubwa avute hewa, kisha anamrudishia. Wageni hudhani wanamsikia mtu mmoja mwenye kifua cha ajabu, na ndivyo Mapafu alivyopata jina. Sasa mtu akikanyagwa kiatu miaka thelathini huanza kuamini kwamba anamjua mwenzake ndani na nje. Hilo ndilo lililomponza Wa Pili, na halikumponza yeye peke yake.

Kikao kilifanyika jikoni kwa shemeji, Mapafu akiwa kwa kinyozi. Bonge alilia kwanza. Kisha akapangusa pua akasema kwamba mtu kama Mapafu ukimkata ulimi umeshamuua, bora aachwe aende na tarumbeta yake mdomoni. Wa Pili alisema hayo hayo kwa maneno marefu zaidi. Shemeji alikuwa akimenya viazi, akasema bila kuinua macho, "Lakini si tumuulize mwenyewe?"

"Ukimuuliza umemvunja moyo," Wa Pili alijibu. "Akijua tu, hata hizo siku alizobakiza hatapuliza. Shemeji, wewe umeolewa naye. Mimi nimepumua naye."

Shemeji akachukua kiazi kingine. Maneno ya namna hiyo, hata yakiwa ya kipumbavu, yanaweza kumfunga mtu mdomo. Na lilikuwepo jambo jingine ambalo halikusemwa jikoni pale: bendi bila Mapafu si bendi, na Wa Pili, pamoja na ufundi wake wote, hakuwahi kuanzisha wimbo hata mmoja peke yake. Wazo hilo lilimpitia kichwani mara moja. Akalifukuza, na kwa kulifukuza akajiona mtu mwema.

Tarehe ya kitanda ikapita. Miezi miwili baadaye, kidonda kilipoanza kuyafanya maneno ya Mapafu kuwa mazito, kama ya mtu anayeongea na pipi mdomoni, wakakumbuka ghafla kwamba hajawahi kutembezwa.

Siku ya kwanza walimpeleka jumba la makumbusho, moja kwa moja kwenye chumba cha vyombo vya muziki. Palikuwa na matarumbeta ya shaba na ya pembe, mengine marefu kuliko mtu, yote ndani ya vioo na maelezo chini yake. Bonge aliyasoma maelezo kwa sauti, kidole kikifuata mstari. Mapafu alitazama kabati la kwanza, akatazama la pili, akapiga mwayo. Akamuuliza mlinzi choo kilipo, akaenda, akapotelea huko. Walipomfuata walimkuta ndani ya lifti, anapanda na kushuka pamoja na kina mama waliobeba mikoba.

"Hiki kitu kitamu," alisema mlango ulipofunguka. "Ingieni."

Baada ya hapo wakampeleka kwenye ukumbi mkubwa wa muziki. Bonge alikuwa amembembeleza mlinzi mpaka akawaruhusu waingie viti vikiwa vitupu. Wakampandisha jukwaani ili apigwe picha, naye akasimama mikono ubavuni, uso kama wa mtu anayepigwa picha ya kitambulisho. Kisha duka la vyombo. Humo hakuingia kabisa. Alibaki nje akitazama mafundi wa barabara wanavyoziba shimo, akiwauliza maswali kwa ule ulimi wake mzito, nao wakimjibu vizuri tu.

"Unaona?" Bonge alimnong'oneza Wa Pili kutoka nyuma ya kioo cha duka. "Roho inamwambia. Kila tarumbeta anayoiona inamuuma, ndiyo maana haangalii."

Wa Pili akakubali kwa kichwa. Walimwonea huruma sana mtu yule aliyekuwa amesimama juani akifurahia lami.

Kesho yake ilikuwa zamu ya mnara, na huo haukuwa na muziki wowote. Walikwenda kwa sababu tiketi zake ziliuzwa pamoja na zile za makumbusho. Lifti iliwapandisha mpaka masikio yakaziba. Juu kulikuwa na chumba cha duara chenye vioo pande zote, mabenchi, na darubini za kutazamia jiji. Shemeji alishikwa na kizunguzungu akaketi. Mapafu alienda kwenye darubini akaizungusha pole pole, akahesabu mabehewa ya treni, akacheka peke yake. Kwa siku mbili hawakuwa wamemsikia akicheka.

"Hapa ndipo mngenileta jana," alisema. Kisha akaacha darubini akawageukia. "Haya, sikilizeni. Nina neno. Nimelibeba tangu nyumbani, nikawa naogopa kuwaharibia safari."

Wa Pili alidhani kaka yake amejua, na kwa kweli alisikia nafuu, kama mtu anayepokewa mzigo njiani.

"Nataka kuacha tarumbeta," Mapafu alisema.

Bonge alitoa kicheko kifupi cha mtu asiyeelewa. "Kuacha vipi?"

"Kuacha. Kuitundika. Bonge, mimi nimechoka, na sikuchoka juzi. Mwaka wa kumi sasa. Kila wiki nasimama juani na suti ya sare, nampulizia bibi harusi ambaye hata jina lake silijui, nakula chakula kilichopoa nyuma ya jukwaa, narudi nyumbani mke wangu amelala. Nimeendelea kwa ajili yenu. Wewe zaidi ya ngoma unajua nini? Na huyu bwana mdogo, nikiondoka, wimbo ataanza na nani? Nikawa nawaonea huruma."

Familia moja ya watalii ilipita katikati yao ikiomba samahani.

"Nataka kukaa na mke wangu," Mapafu aliendelea. "Binti yetu anajifungua miezi miwili ijayo. Nataka nimbebe huyo mtoto mpaka aote meno, ndiyo kazi ninayoitaka. Na mnajua nini? Kidonda hiki kilipotoka, mimi nilifurahi. Nikasema, sasa nimepata kisingizio. Nikamngoja daktari aniambie, bwana wee, kuanzia leo usipulize tena. Angesema hivyo ningempa mkono. Nimengoja na kungoja. Hakusema."

Shemeji aliinuka kwenye benchi. Kizunguzungu kilikuwa hakijamwisha, akalazimika kuushika ukingo wa kioo.

"Alisema, baba watoto," alisema. "Alimwambia mdogo wako."

Wa Pili ndiye aliyetakiwa kumalizia, na alimalizia. Alieleza yote: daktari, ulimi, taya, kitanda, tarehe, kikao cha jikoni. Alijikaza kisabuni asilie, kwa sababu aliona kulia kwake kutakuwa ni kuomba kuhurumiwa. Alitaja hata lile neno lake la kupumua, na lilipomtoka safari hii alilisikia lilivyo, la mtu mwenye majivuno. Mapafu alimsikiliza mkono ukiwa juu ya darubini.

"Hiyo hospitali iko wapi?" aliuliza.

Ilikuwa ikionekana. Wa Pili alikuwa ameiona tangu walipotoka kwenye lifti, akawa anaipa mgongo. Alinyoosha kidole kwenye jengo jeupe ng'ambo ya reli. Mapafu hakuitumia darubini, akatazama kwa macho yake tu.

"Karibu hivyo," alisema. "Twendeni."

Walisubiri kwenye korido mpaka alasiri. Mapafu alipigwa picha za kifua na shingo, akarudishwa kwenye benchi, akaitwa. Waliingia wanne, kwa kuwa hakuna aliyethubutu kubaki nje na hakuna aliyewazuia. Daktari alikuwa mwanamke wa makamo mwenye viatu vya raba. Alimpapasa Mapafu chini ya taya kwa vidole viwili, kwa muda mrefu, kisha akakaa chini na kumtazama yeye, si wenzake.

"Nitakwambia ukweli," alisema. "Miezi miwili iliyopita ningekukata, na ninaamini ungepona. Leo imeshashuka shingoni, na kifuani ipo. Nikikukata sasa nitakutesa bure. Tutakupa dawa za maumivu, na tutakuangalia."

"Muda gani?" Mapafu aliuliza.

"Wiki chache. Ukijaliwa, mwezi."

Shemeji alihesabu kwa vidole ndani ya mkoba wake, miezi ya binti yao, akarudia kuhesabu. Bonge alikuwa ameuweka uso ukutani.

Daktari alifungua jalada. "Kinachonishangaza ni kwamba kitanda tulikuwekea. Ulipochelewa tulipiga simu kwenye namba hii. Imeandikwa hapa ulikataa matibabu."

Aligeuza jalada ili Mapafu aone. Kando ya jina lake halisi, ambalo hata bendini hawakulitumia, mtu alikuwa ameandika kwa kalamu ya bluu: mgonjwa amekataa. Chini yake ilikuwa namba ya simu ya Wa Pili. Jambo hilo Wa Pili hakuwa amelisema kule juu ya mnara, wala jikoni, wala kwa Bonge. Shemeji aliisoma namba, akamtazama, naye Wa Pili akatazama sakafu.

Mapafu alimshukuru daktari, akamsaidia mkewe kusimama, wakatoka. Kwenye korido alisimama mbele ya benchi lile walilokalia mchana kutwa.

"Nilikataa lini?" alimuuliza mdogo wake. Aliuliza kwa upole, kama mtu anayetaka kujua tu.

"Kaka, nisamehe."

"Nimekuuliza lini."

"Tulikuwa harusini. Wakati wa mapumziko. Simu iliita."

"Na mimi nilikuwa wapi?"

"Ulikuwa kando yangu. Ulikuwa unaifuta tarumbeta. Uliniuliza ni nani, nikakwambia wamekosea namba."

Mapafu akakubali kwa kichwa, taratibu, akionekana kuikumbuka siku yenyewe. Kisha akamshika mkewe mkono, jambo ambalo hakuwa na mazoea ya kulifanya mbele za watu, akaanza kutembea kuelekea mlangoni. Bonge akawafuata nyuma akijigonga kwenye viti. Wa Pili naye akachukua begi akapiga hatua.

"Wewe kaa," kaka yake alisema bila kugeuka.

Akakaa. Alikuwa bado amekaa pale mfanyakazi wa usafi alipofika na ndoo yake, akamwomba ainue miguu apige deki chini yake.